Mgeni na Jembe Lake

Liko swali nililolichukua moyoni miaka mingi, nami leo naliweka mbele yenu: Je, adabu iliyo njema kwao mtu yaweza kuwa kosa katika nchi ya wengine? Na kama yaweza, mgeni afanyeje?

Kwetu Nkoma, mtu akikutana na mwenzake njiani hampiti hivi hivi. Husimama, akamwuliza habari za baba, na mama, na watoto, na ng'ombe, na mvua. Asiyeuliza huhesabiwa kuwa hakulelewa. Kwa adabu hii nilikua, na kwa adabu hii nikaenda Rwanda mwaka 2009 kufundisha Kiingereza. Maana mwaka uliotangulia serikali ya nchi ile ilikuwa imeamua masomo yafundishwe kwa lugha hiyo badala ya Kifaransa.

Nilipovuka daraja la Rusumo niliutazama mto Kagera. Nilijua kwamba mwaka 1994 mto ule ulichukua maiti hata Ziwa Victoria. Tena kwamba mwisho wa Aprili mwaka ule watu wapata 250,000 walivuka pale kwa muda wa siku moja, wakaingia Ngara. Hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini kujua habari za watu si kujua namna ya kukaa nao.

Juma la kwanza nikamsalimu mama mmoja, mwalimu mwenzangu, kwa desturi ya kwetu. Nikamwuliza habari za baba yake, na mama yake, na ndugu zake. Kwa kila niliyemtaja alinyamaza. Mwisho akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi ni mzima," akaenda darasani. Nikabaki nimesimama, nikafahamu ya kuwa nimemhesabia makaburi yake moja moja.

Wako watakaosema, "Hukukusudia mabaya, basi huna kosa." Neno hilo ni nusu ya kweli. Nia njema humwondolea mtu hatia ya uovu, bali haimwondolei wajibu wa kujifunza. Akanyagaye kidonda gizani si mwovu. Lakini akiisha kujua kilipo, naye akazidi kukanyaga, atajitetea kwa neno gani?

Wengine watasema, "Basi afadhali kunyamaza kabisa." Nalijaribu hilo pia, nikaona lina kosa lake. Apitaye kana kwamba hapakutokea neno huwafanya waliokufa kuwa kama watu wasiozaliwa. Kwa hiyo nikaenda Gisozi, mjini Kigali, mahali pa ukumbusho palipofunguliwa mwaka 2004, walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Pale nilisoma, nikatazama, wala sikumwuliza mtu neno. Nikatambua kwamba mgeni ana deni la kujua, lakini deni hilo asimlipishe aliyeumia. Yaliyowekwa wazi ayasome. Yaliyo ndani ya nyumba ya mtu ayangoje, mpaka mwenyewe afungue mlango.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Zamani nilidhani maana yake mgeni ndiye mganga. Sasa nalishika zaidi lile neno lao la pili, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu hutoka kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Nami nikatoka, nikapewa jembe, tukazibua mfereji. Mama yule alikuwa kando yangu. Tulifanya hivyo miezi mingi bila maneno mengi. Hata siku moja, tulipokuwa tukipumzika, akanitajia jina la mdogo wake. Jina tu. Sikuuliza zaidi. Nikalirudia jina lile kwa sauti ndogo, naye akaitikia kwa kichwa, tukainua majembe.

Basi, ninyi vijana mtakaoitwa kazini katika nchi zilizotoka vitani, msiiache nyumbani adabu ya Nkoma. Ni njema. Lakini kiini chake si yale maswali. Kiini chake ni kumheshimu mtu. Mkifika, ombeni jembe kwanza. Habari zitakuja kwa wakati wake. Na zisipokuja, mfereji utakuwa umezibuliwa.