Jumatano: Yeye Ajuaye Yote

Zaburi 139 inafundisha kwamba Mungu anajua yote na yupo mahali pote. Hakuna neno lililo ulimini asilolijua, wala hakuna giza la kujifichia mbele zake. Hata hivyo, fundisho hili huzua swali ambalo waumini wengi hulibeba moyoni bila kulitamka. Mzazi ambaye mtoto wake ameiacha imani anaweza kujiuliza: Kama Mungu anajua tayari mwisho wa mwanangu, kuna faida gani kuendelea kumwombea?

Soma 1 Samweli 23:7–13. Daudi alisaidiwaje na ujuzi wa Mungu?

Daudi alikuwa ameuokoa mji wa Keila kutoka kwa Wafilisti. Sauli aliposikia kwamba Daudi yumo ndani ya mji wenye malango na makomeo, alidhani amekwisha kumpata. Ndipo Daudi akamwita kuhani Abiathari na kumwuliza Bwana: Je, Sauli atashuka? Je, watu wa Keila watamtoa? Bwana alijibu kwamba yote mawili yangetokea. Lakini Daudi na watu wake wapatao 600 waliondoka, naye Sauli akaiacha safari yake. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo mawili lililotokea.

Je, Mungu alikosea? La hasha. Alijua ambacho kingetokea kama Daudi angebaki, naye alimjulisha ili achague njia nyingine. Kwa hiyo, kujua si kulazimisha. Mwanadamu hatendi jambo kwa sababu Mungu alilijua mapema, bali Mungu hulijua kwa sababu ndivyo mwanadamu huyo atakavyochagua kwa hiari yake.

Soma Luka 22:31–34, 54–62. Yesu alimtendea nini Petro, hali akijua kwamba angemkana?

Yesu alimwambia Petro kwamba kabla jogoo hajawika angemkana mara tatu. Lakini hata kabla ya kumwambia hayo, alimjulisha kwamba amekwisha kumwombea, na akazungumzia siku ambayo Petro angerudi na kuwaimarisha ndugu zake. Kristo alijua anguko lingekuja, na bado aliomba. Ujuzi wake haukuwa sababu ya kukata tamaa. Ulimfanya aombe mapema.

Yesu alimjua Yuda pia tangu mwanzo (Yohana 6:64), na usiku ule ule aliiosha miguu yake pamoja na ya wanafunzi wengine. Yuda hakurudi. Jambo hili ni zito, wala halipaswi kufichwa: upendo wa Mungu haumburuti mtu. Katika pambano kuu kati ya Kristo na Shetani, Mungu hataki utii wa kulazimishwa. Lakini angalia kwamba Yesu hakutumia ujuzi wake kuamua nani apendwe na nani aachwe. Wote wawili aliwapenda.

Jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama Petro. Aliyejua yote alikuwapo pale pale uani, akiwa amefungwa na karibu kupigwa, na macho yake yalimtafuta aliyemkana. Petro alitoka nje akalia kwa uchungu. Baadaye, kando ya bahari, alipoulizwa mara ya tatu kama anampenda Yesu, alitegemea jambo moja tu: kwamba Bwana anajua yote (Yohana 21:17). Ujuzi uliokuwa umefichua udhaifu wake sasa ukawa kimbilio lake, kwa maana Yesu aliyeuona woga wake aliuona pia upendo wake.

Basi mzazi yule na asinyamaze. Anapopiga magoti kwa ajili ya mtoto aliyepotea, hampelekei Mungu habari mpya, wala hajaribu kumshawishi Mungu asiyejali. Anaungana na Kristo, ambaye alimwombea Petro kabla Petro hajajua kwamba anahitaji kuombewa. Tena anamwomba Mungu ambaye yupo tayari mahali alipo mtoto huyo, hata kule ambako mzazi hawezi kufika.

Tafakari: Ni nani uliyeacha kumwombea kwa sababu ulidhani mwisho wake umekwisha kujulikana? Mfano wa Kristo kwa Petro unakuelekeza kufanya nini juma hili?