Kamba Mnayomfungia Mmawia

Sikieni, watu wa Newala na Masasi! Msimu wa korosho ukifika na gunia likapotea, hamuulizi nani kaonekana nalo. Mnauliza Mmawia gani, Mmakonde wa Msumbiji, kalala kijijini. Mwenye chale usoni na lafudhi ya Mueda anatolewa ndani usiku, mgambo anamfunga kamba, vijana wanampiga, na wazee wenye heshima zao wanatazama.

Kulia mkionewa mnajua. Januari 2013 Masasi iliwaka baada ya ugomvi wa polisi na waendesha bodaboda; majengo ya umma yakachomwa, watu wakafa. Moto ule siutetei. Ila hasira ile ya kuonewa hujificha wapi anapoonewa kibarua wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyewapalilia mikorosho yenu kwa ujira wa kusihi?

Mmesahau mlikotoka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watumwa waliokombolewa, akawaweka Masasi. Mji wenu ulianza na watu waliong'olewa kwao. Na ninyi wa Newala, wangapi kati yenu bibi zao walivuka mto wakimkimbia Mreno, kazi zake za shuruti, mauaji ya Mueda ya Juni 1960, kisha vita vilivyoanza 1964? Walifika na watoto mgongoni, hawana karatasi, wakapewa mahali pa kulima.

Tangu 2017 Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, inaungua tena kwa vita vya waasi. Najua hofu yenu: Oktoba 2020 wauaji wa huko walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, upande wetu, na damu iliyomwagika ni ya ndugu zetu. Lakini mnamkamata aliyekimbia mapanga mkimwita mwenye mapanga! Maelfu walioomba hifadhi walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano, kwenye vita vilevile, nasi tukaendelea kupima korosho mizani.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ulinzi huo hauishii kwa raia. Wala hakuna ibara inayoruhusu uso wa mtu kuwa ushahidi.

Mashehe, mapadre, makungwi, mnaofundisha vijana adabu jandoni, mbona hili hamlifundishi? Mtendaji, kamba ikiletwa ofisini kwako, irudishe na aliyeileta. Mtuhumiwa afike kituoni mzima, na anayemtuhumu aandamane naye, aseme mbele ya polisi alichokiona kwa macho yake. Kama hakuona kitu, mtuhumiwa afunguliwe leo, alipwe ujira wake.