Huru, Mwungwana na Bure

Neno la Kiingereza "free" ni fupi, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hudhani analijua. Nami nilidhani hivyo nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya serikali huko Newala. Siku moja nilipewa tangazo la Kiingereza nilifasiri. Lilisema kwamba kwa siku chache wananchi wangechota maji pasipo malipo. Nikaandika kwa fahari, "maji huru." Bibi mmoja aliyesomewa tangazo lile akaniuliza mbele za watu: "Mjukuu wangu, maji haya yalikuwa yamefungwa na nani?" Watu wakacheka. Nikafuta, nikaandika "maji ya bure." Bado hakuridhika. "Ya bure?" akasema. "Na shingo yangu hii je?"

Asiyeijua Newala hawezi kuuonja uchungu wa jibu hilo. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua inyeshayo hunywewa na mchanga, na chemchemi hutokea chini kabisa, penye miteremko na mabonde. Kabla ya mitambo ya kusukuma maji kuanza kuyapandisha juu, mwanamke alishuka genge alfajiri na kulipanda tena na mtungi kichwani. Maji yale hayakuuzwa, lakini nani angethubutu kusema yalikuwa ya bure?

Basi tangu siku ile nimekuwa nikilitazama neno "free" kwa jicho la mashaka. Mwingereza hulitumia kwa mtu asiye mtumwa, kwa kitu kisicho na bei, kwa kiti kisichokaliwa na kwa saa isiyo na kazi. Kiswahili kimeyatenga hayo yote: mtu ni huru, kitu ni cha bure, kiti ki wazi, nami nina nafasi. Tena "bure" yetu ina ukali wake. Husemwa "kazi bure," husemwa "mtu bure," na hapo maana si ukosefu wa bei bali ukosefu wa thamani. Lugha yenyewe humwonya mpokeaji.

Lakini tofauti iliyo nzito zaidi ni ile ya huru na mwungwana, na kuipima yafaa tushuke kutoka Newala twende Masasi.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Miaka mitatu baadaye, 1876, Askofu Edward Steere wa misioni ya Kiingereza ya UMCA, ambaye alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, aliondoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wengi wao asili yao ilikuwa nchi za kuelekea Ziwa Nyasa, nao walikuwa wakirudishwa bara. Walipofika penye majabali ya Masasi hawakuendelea mbele, wakajenga hapo. Walikuwa huru. Je, walikuwa waungwana?

Mwungwana katika Kiswahili cha kale si mtu aliyeachwa huru, bali ni yule aliyezaliwa huru, mwenye kwao na jamaa wa kumtaja. Uhuru waweza kuandikwa katika hati na kutiwa mhuri. Uungwana hauandikwi, hushuhudiwa na watu. Katika nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo hufuatwa kwa mama, mtu huulizwa kwanza mjomba wake ni nani. Waliotekwa wakiwa watoto wangejibu nini? Wengine walikuwa wamesahau hata jina la kijiji chao.

Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi. Baadhi ya watu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka, yaani mtu aliyeonja utumwa mara moja akauonja mara ya pili, na hati yake haikumsaidia. Baada ya hapo misioni ilihamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao, ili kupata kinga yake. Naliona jambo hili ni kubwa kuliko linavyoelezwa madarasani. Watu waliokuwa hawana bwana walilazimika kutafuta mwenyeji. Wala sioni aibu yoyote katika kufanya hivyo.

Hapa Kiingereza chenyewe kinatushangaza. Wachunguzi wa lugha wanatuambia kwamba "free" na "friend," neno lao la rafiki, ni ndugu wa shina moja, nalo shina hilo lilikuwa na maana ya kupenda. Mtu "free" hapo kale alikuwa mmoja wa wapendwa wa nyumba, si miongoni mwa watumwa wake. Kumbe Waingereza nao walianzia pale pale penye uungwana wetu, kisha wakasahau. Sasa neno lao lamaanisha zaidi kutofungwa na yeyote, na sisi tunapolifasiri kwa "huru" peke yake twaufuata usahaulifu wao.

Sisemi kwamba uungwana ni bora kuliko uhuru. Uungwana wa pwani ulikuwa na kiburi kikubwa. Ulihitaji watumwa ili waungwana waonekane. Hata hivyo neno halikukubali kufungiwa na wenye nasaba. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, ambao wengine wao kisheria walikuwa bado watumwa, walipofika bara walijiita waungwana. Na methali ikaja kusema mwungwana ni kitendo. Sheria ilikwenda polepole zaidi: Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na wazazi wao wakangoja hadi sheria ya 1922 ya serikali ya Waingereza.

Uhuru wa Desemba 9, 1961 uliichukua maana ya zamani ya mtu mmoja ukaivika taifa zima. Neno lilivuka Ruvuma pia. Wamakonde wengi hulitamka kwa "l," na kwa ajili ya neno hilo watu walipigwa risasi Mueda mwaka 1960. Vita vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, wakimbizi walivuka mto wakaja upande wetu. Nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi, na wengine walibaki. Nilipokuwa Newala nilimwuliza mzee mmoja wa hao waliobaki kwa nini hakurudi, ilhali kwao kumekuwa huru. Alinyosha mkono kuelekea bonde la Ruvuma, akaushusha, akanionyesha nyumba tatu zilizokuwa nyuma yake. "Huko kuko huru," akasema, "lakini wajomba wa wanangu wako hapa."