Mkwaruzo Uko Wapi?

Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, chokaa ikibanduka ukutani, matumbawe hubaki wazi. Weka kiganja juu yake, ukitulize. Utahisi ugumu, labda na ubaridi. Mkwaruzo wenyewe hutaupata sawasawa mpaka mkono utembee. Basi mkwaruzo uko wapi: ndani ya jiwe, kwenye ngozi, au katika kukutana kwao?

Mwaka 1694 John Locke alichapisha swali la rafiki yake William Molyneux wa Dublin: kipofu wa kuzaliwa aliyezoea kutofautisha tufe na mchemraba kwa mikono, akijaliwa kuona, atavitambua kwa macho tu? Wote wawili walijibu hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu watoto wa India waliotibiwa upofu wa kuzaliwa uliwaunga mkono: mwanzoni watoto hawakuweza kuoanisha walichokishika na walichokiona, ingawa baada ya siku chache walianza kuweza. Ina maana jicho linalodai kuona ulaini limefundishwa na vidole, nasi tumesahau tu lini.

Ndiyo maana picha ya pamba yenye neno “laini” kwenye ukuta wa darasa la awali haimfundishi mtoto ulaini. Inamfundisha jibu la kukariri. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Mpe nazi. Makumbi yana nyuzi zinazochomachoma, kifuu ni kigumu, nazi iliyotoka kwenye mbuzi ina unyevu na mafuta. Akamue tui mwenyewe, kisha ashike chicha: nazi ile ile, sasa imekauka, chengachenga. Hapo amejifunza jambo ambalo picha haiwezi kumwambia, kwamba hali ya kitu hubadilika, na kwamba mkono wake ni mmoja wa wanaoibadilisha.

Mtu atauliza: kama hisia inategemea mkono, si kila mmoja atakuwa na ukweli wake? Mtazame bibi anayesuka ukili. Vidole vyake vimekomaa, ukindu kwake ni mwororo; mjukuu anayeushika kwa mara ya kwanza analalamika kwamba unamkata. Hakuna aliyesema uongo. Lakini wote wawili wanaweza kukubaliana kwamba ukindu uliolowekwa ni laini kuliko mkavu. Mikono hutofautiana, ila mlinganisho una ukweli unaoweza kupimwa na kila mtu.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtoto si “hiki kikoje?” Muulize: kikoje kuliko kile, kikiwa kibichi au kikavu, ukikipapasa kuelekea wapi? Mtoto aliyezoea maswali hayo atakuwa mgumu kudanganywa na maneno matupu. Wazazi na walimu, kabla ya kumpa mtoto jina la kitu, mpeni kitu chenyewe akishike.