Je, Ni Dhambi Kuwatenganisha?

Ndugu msomaji, Jumapili moja baada ya mafundisho, kijana mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto hapa Kisangani, alinijia na kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na watoto wawili wa motomba, yule panya mkubwa wa porini ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita panya buku. Baba yake alikuwa amefukua shimo nyuma ya shamba la mihogo. Mama yao alikwisha kuingia chunguni, nao wawili wakabaki. Jirani akaomba apewe mmoja, watoto wake wamchezee. Basi usiku ule kijana aliwatia katika vikapu viwili ili wazoee kuachana, na hata kulipokucha hakuna aliyegusa chakula. Alipowarudisha pamoja, wakala. Akaniuliza, "Papa katekista, je, ni dhambi kuwatenganisha?"

Wenzake walicheka, wakasema kwamba panya ni mboga tu. Mimi nami nilikaribia kucheka, lakini nilimwona yule kijana hachezi. Nikamwomba anipe siku chache nifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri.

Kwanza, tusiwalaumu bure wazazi wake. Mungu amempa mwanadamu wanyama wawe chakula na msaada wake, na motomba amelisha nyumba nyingi za Tshopo. Lakini kupewa kitu ukitumie si kupewa ruhusa ya kukitesa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kumtesa mnyama pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Basi yafaa tujiulize haja ni ipi. Njaa ni haja. Mchezo wa watoto wa jirani si haja.

Lakini mtu aweza kusema: "Panya hana moyo wa kumkumbuka mwenzake. Unamwazia mambo ya wanadamu." Jibu langu ni hili. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, walimfungia panya katika kifungo chembamba, wakamwacha mwenzake aliyezoea kukaa naye akiwa huru nje. Yule wa nje alijifunza kuufungua mlango akamtoa mfungwa. Walipoweka chokoleti katika kifungo cha pili, alifungua vyote viwili, na mara nyingi alimbakizia mwenzake sehemu. Sisemi kwamba panya ana roho kama yetu. Nasema kwamba taabu ya mwenzake yamgusa. Na huko Uswisi, sheria ya mwaka 2008 yakataza kumfuga simbilisi mmoja peke yake, kwa kuwa mnyama huyo ameumbwa kuishi na wenzake.

Wala tusimdharau motomba kwa kuwa ni panya. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na ugonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa huko, alifanya kazi Kambodia akagundua mabomu na vitu vya kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya Uingereza, na mwaka 2022 akafa mzee wa miaka 8. Watu wangapi wanatembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu ya pua ya panya!

Yuko mama mmoja, jirani yangu, aliyenikemea zaidi. "Mwalimu," alisema, "watoto wa watu wanalala na njaa, nawe wafikiri habari za panya?" Neno hili ni zito, wala sitalikimbia. Katekisimu ile ile yasema kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ipasayo kwanza kuondoa taabu za watu. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini kuwaacha wawili hawa katika kikapu kimoja hakumnyang'anyi mtoto yeyote chakula chake. Mtakatifu Martin de Porres wa Lima, aliyekufa mwaka 1639, aliwauguza wagonjwa na kuwalisha maskini. Na watu husimulia kwamba panya walipoharibu nguo za kanisa, hakutaka wauawe, bali aliwapeleka bustanini akawapelekea chakula huko. Huruma si maji ya mtungi, kwamba ukimpa huyu yule atakosa. Mara nyingi mkono uliozoea kumwonea mnyama haukawii kumwonea mtu.

Hata hivyo iko hatari, nayo hapana budi kuitaja. Katika nchi yetu, huko Basankusu, ndiko alikoonekana mgonjwa wa kwanza wa mpox, mwaka 1970. Wanyama wadogo wa porini waweza kuuchukua ugonjwa huo. Mwaka 2003 panya wakubwa wa jamii hii walipelekwa Marekani kutoka Ghana pamoja na wanyama wengine wadogo, wauzwe wafugwe nyumbani, na ugonjwa ukafika huko hata kwa watu. Basi kumlaza motomba kitandani na watoto si huruma, ni ujinga.

Hapo ndipo nilipoona jibu. Huruma ya kweli hutazama haja ya anayehurumiwa, wala si raha ya anayehurumia. Jirani alitaka mmoja kwa kuwa mmoja wamtosha. Kijana alitaka wote wawili maisha yao yote, kwa kuwa aliwapenda. Hakuna aliyeuliza wao wenyewe wanahitaji nini. Motomba mchanga anahitaji joto la nduguye. Akikomaa anahitaji shimo lake mwenyewe na usiku wa msitu, na huenda wale wawili wakaumana wakifungiwa pamoja.

Nikamwita kijana, nikamwambia: "Kuwatenganisha leo kwa ajili ya mchezo ni ukatili, hata kama ni mdogo. Kuwafunga pamoja daima kwa ajili yako wewe ni choyo, hata kama kinaitwa upendo. Uliyemtoa chunguni amekuwa deni lako mpaka aweze kujitegemea." Akakubali. Walikaa katika banda nje ya nyumba, mbali na jiko. Akawalisha mihogo na ngazi, akanawa mikono kwa sabuni kila mara. Jirani alikasirika siku mbili, kisha akasahau.

Walipopata nguvu tuliwachukua pamoja hadi msituni, mbali na mashamba, tukafungua kikapu. Mmoja aliingia majanini mara moja. Wa pili alisimama kidogo akinusa, kisha akafuata njia ile ile. Kijana alilia, nami sikumkataza.

Ndugu msomaji, huenda kwako hakuna motomba. Lakini huenda yuko yatima unayemlea, au mzee, au ndugu wawili ambao jamaa wanataka kuwagawana kama vyombo vya marehemu. Kabla ya kusema, "Mimi namtaka huyu," uliza kwanza: Je, yeye anahitaji nini?