Kodi ya Chumba Kimoja

Wanangu, nimezika wafanyabiashara wengi hapa Majengo, Pumwani, na mambo huenda vilevile. Arobaini haijafika, mtu keshauliza hati ya kiwanja iko wapi. Siwalaumu warithi sana, maana shida ni shida, na mwenye njaa akisikia harufu ya pilau hawezi kukaa kando. Mzee mwenyewe ndiye aliyejua miaka yote kwamba atakufa, akanyamaza.

Mohamedally Rattansi na mkewe Maniben hawakunyamaza. Mwaka 1956, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, miaka miwili tu baada ya Operesheni Anvil, askari wa kikoloni walipowazoa watu wa Eastlands mtaa baada ya mtaa, wawili hawa waliochuma kwa biashara walianzisha wakfu wa elimu wa kuwasaidia vijana wasio na karo. Wakfu huo una jengo lake katikati ya Nairobi, na kodi ya wapangaji ndiyo inayolipa basari. Waanzilishi wamekwenda zao. Vijana wanaendelea kusomeshwa.

Kinachogawiwa ni kodi, jengo halitoki. Ni kama mpishi aliyetenga maharagwe ya mbegu kabla ya kuinjika chungu.

Sasa tujitazame. Huruma hapa Pumwani hatujawahi kuikosa. Mama anayefungua belo la mitumba Gikomba alfajiri, akipata humo kamera nzuri, zile nguo za daraja la kwanza, jioni humwongezea mtoto wa jirani karo, wala hatangazi. Lakini huruma hiyo yote imo ndani ya mkoba wa mtu mmoja. Moto ukipita sokoni, na Gikomba moto tumeuzoea, au sukari ikimpanda mama akalazwa, yule mtoto hurudishwa nyumbani akiwa kidato cha tatu, na kufikia mwisho wa mwaka unamkuta akisukuma mkokoteni. Mama hakukosa roho nzuri. Alikosa karatasi ya wakfu.

Na karatasi tunaiogopa. Tunaona kuiandika ni kujiita kaburini. Mume anamficha mke ploti aliyonunua, mke anamficha mume fedha za chama, kila mmoja na sababu zake, na nyingine nazielewa kabisa. Ila mali iliyofichwa hivyo ikishakosa mwenyewe huwa ya mwenye mbio. Waislamu wa mtaa huu wakfu wanaujua tangu zamani. Hata sheria imesogea: tangu mwaka 2021 sheria ya Kenya inatambua wakfu wa familia waziwazi.

Mnaniambia mnangoja mtajirike kwanza. Nimesikia neno hilo kwa baba zenu.

Basi wewe mwenye vyumba vya kupangisha, hata viwe vya mabati, keti na mwenzako usiku huu. Chagueni chumba kimoja ambacho kodi yake itasomesha mtoto asiye wenu. Watajeni wadhamini mnaowaamini, mmoja awe si wa ukoo. Kisha nendeni kwa wakili, nyote wawili, mkatie sahihi mkiwa wazima.