Je, Ni Dhambi Kumcheka Mmisionari?

Mkatekumeni mpenzi,

Huko Marekani uko mchezo wa televisheni uitwao The Simpsons. Wanaoonekana humo si watu halisi, bali ni picha zilizochorwa, nazo hutembea na kusema. Mwaka 2000 mchezo huo ulionyesha kisa cha baba mmoja, Homer, aliyeahidi kukipa kituo cha televisheni dola 10,000, hali hana kitu. Alipodaiwa alikimbilia kanisani, na mchungaji akampeleka kisiwa cha mbali awe mmisionari. Homer hakuijua dini. Hata jina la Mwokozi alilikosea. Alipokosa la kufundisha, aliwajengea wenyeji nyumba ya kamari, na tamaa na ugomvi vikaingia. Ndipo akajenga kanisa ili afute kosa lake.

Je, ni dhambi kukicheka kisa hicho? Tufikiri kwanza, ndipo tujibu.

Anayechekwa ni nani? Si Mungu, wala si Injili. Ni mtu anayefundisha asichokijua, tena kwa watu asiowajua. Kumcheka huyo si dhambi. Na tumcheke kwa hofu, maana aweza kukaa ndani ya kila mmoja wetu.

Lakini mchezo wenyewe una kosa lake. Karibu kila jambo kisiwani, jema au baya, laanzishwa na mgeni. Wenyeji hufuata tu kama watoto. Je, kuna kijiji cha namna hiyo? Hakuna. Anayemdhihaki mgeni aweza kuwadharau wenyeji bila kujua.

Tutazame mambo yaliyotokea katika nchi yetu. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba hapo mwanzo alikuja kama bwana mwenye mamlaka: kazi yake kusema, kazi ya watu kusikiliza. Naye aliona kwamba maneno yake hayaingii mioyoni. Basi akageuka, akaanza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitolewa mwaka 1945 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Katika miaka ya 1950, kwenye kambi ya wachimbaji wa shaba ya Musonoi, karibu na Kolwezi, alikaa na wafanyakazi na wake zao, wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Hivyo ilizaliwa Jamaa. Watu wale hawakuwa watoto: walijibu, waliuliza, wakawafundisha na wenzao.

Je, Padri Tempels alimaliza kujifunza? Hapana. Wenye elimu wa Afrika walikilaumu kitabu chake, wakisema kwamba mgeni mmoja hawezi kuwasemea Wabantu wote. Kusikiliza ni kazi isiyo na mwisho.

Nawe je? Hapa Musumba, makao ya Mwant Yav, mgeni mwenye adabu haanzi kwa kuhukumu; husalimu kwanza, hukaa, huulizwa habari naye huuliza. Siku moja utabatizwa, na jioni yake utarudi nyumbani kwa babu yako asiyebatizwa. Hapo wewe ndiwe mmisionari. Ukimwambia kwamba mambo yake yote ni giza, kabla hujamwuliza alimwomba nani siku alipomzika mwanawe, umekuwa Homer, hata kama wajua katekisimu yote kwa moyo.

Bwana wetu Yesu, alipokuwa na umri wa miaka 12, alionekana Hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Ikiwa Yeye, aliye Hekima yenyewe, aliuliza, wewe na mimi tutaonaje haya?

Usiku wa leo, kabla ya kulala, ujiulize: Leo nimemfundisha nani, nami nilimwuliza nini kwanza?